Gogo ni mgeni: dhana potofu kuhusu karatasi za mgomba, mkonge na kinyesi cha tembo

Dhana: Karatasi ya kweli hutoka kwenye magogo.
Magogo yamechelewa kufika. Cai Lun, ofisa wa ikulu ya China, anatajwa mwaka 105 akitumia magome, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Ulaya nayo iliandikia karatasi za matambara kwa karne nyingi, mpaka rojo la mbao lilipotamba katika karne ya 19. Hata leo noti ya dola ya Marekani ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25.

Dhana: Karatasi ya mgomba ni dhaifu.
Abaka wa Ufilipino ni ndugu wa mgomba, na nyuzi zake hutengenezea vipakiti vingi vya chai. Mtu anavichovya kwenye maji ya moto, anavikamua kwa kijiko, na havichaniki! Karatasi ya mgomba ikikatika ovyo, mara nyingi kosa ni la mtengenezaji. Karatasi haihitaji gundi ili ishikane: nyuzi zikipondwa huchanua vijinyuzi na kuvimba majini, na zikikauka hukamatana zenyewe. Wengi hukimbilia blenda, kumbe visu vyake vinazikata nyuzi zikawa fupi. Kinu na mchi vinachosha, lakini ndivyo vinavyozichambua.

Dhana: Taka zote za mkonge zinafaa.
Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na nyama ya jani, ambayo hufaa zaidi kwa biogesi. Mtu wa karatasi aziwanie nyuzi fupi zinazodondoka kwenye korona, mashine ya kuchambua majani ya mkonge, zile zisizofaa kusokota kamba.

Dhana: Karatasi ya kinyesi cha tembo inanuka.
Anayesema hivyo hajawahi kuishika. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, kwa hiyo nyuzi hutoka zikiwa zimeshatafunwa, kazi ambayo mtu angeilipia. Huoshwa, huchemshwa kwa saa kadhaa, ndipo hupondwa. Kule Mwaluganje, Kwale, wanakijiji wamewahi kuwauzia watalii karatasi za namna hii.

Dhana: Isiyokata mti haichafui mazingira.
Hii ndiyo inayoniudhi, kwa sababu husemwa na watu wenye nia njema. Nyuzi za mimea mingi zimegandishwa na lignini, gundi asilia ya mmea, na kwa kawaida huyeyushwa kwa soda kali (caustic soda). Viwanda vikubwa vya mbao huchoma maji meusi yanayobaki na kuirudisha soda. Majani ya mpunga na ngano, ambayo nayo hutengenezewa karatasi, yana silika nyingi (madini kama ya mchanga) inayoganda kwenye mitambo hiyo, hivyo viwanda vidogo vilizoea kumwaga yote mtoni. Mwaka 1996 China ilifunga mamia ya viwanda kama hivyo katika bonde la mto Huai. Anayechemsha sufuria moja nyuma ya nyumba anaweza kutumia maji ya majivu badala ya soda kali. Yatachelewesha kazi kidogo, na bado yanachubua mikono, basi avae glavu.