Je, wajua Manmohan Singh alifikaje uwaziri mkuu wa India bila kushinda uchaguzi wa wananchi?

Manmohan Singh aliongoza serikali ya India kuanzia Mei 2004 hadi Mei 2014. Kura za wananchi aliziomba mara moja tu, mwaka 1999 huko Delhi Kusini, akashindwa na Vijay Kumar Malhotra wa chama cha BJP.

Wengi hudhani kwamba basi aliingia bungeni kwa kuteuliwa. Sivyo. Dhana hiyo humjia Mtanzania kwa urahisi, maana katiba yetu inataka waziri mkuu awe mbunge wa jimbo la uchaguzi. India haina sharti hilo. Bunge lake lina mabaraza mawili: Lok Sabha, linalochaguliwa na wananchi, na Rajya Sabha, linalowakilisha majimbo, yaani sehemu zinazounda shirikisho la India, si majimbo ya uchaguzi kama yetu. Waziri, hata akiwa mkuu, anaweza kutoka lolote. Asiye na kiti pia huapishwa, ila miezi 6 ikipita bila kukipata, uwaziri unakoma. Singh, mchumi aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu na kisha katibu mkuu wa Tume ya Kusini, tume ya nchi zinazoendelea, chini ya Mwalimu Nyerere, aliapishwa kuwa waziri wa fedha Juni 1991, akaingia Rajya Sabha Oktoba kupitia jimbo la Assam. Ni kweli rais huteua wajumbe 12 wa baraza hilo. Singh hakuwa mmoja wao, yeye alichaguliwa. Wala hakuwa wa kwanza, kwani Indira Gandhi naye alikuwa Rajya Sabha aliposhika uwaziri mkuu mwaka 1966.

Wapigakura wanaochagua wajumbe wa Rajya Sabha ni wajumbe wa bunge la jimbo. Assam ina wajumbe 126, na kila karatasi ya kura huhesabiwa alama 100, jumla 12,600. Viti vinavyogombewa vikiwa 2, unagawa kwa 3, yaani idadi ya viti ukijumlisha moja. Unapata 4,200, unaongeza 1. Anayefikisha 4,201 amepita, kwa hiyo wajumbe 43 wanatosha. Mjumbe huwapanga wagombea kwa kuandika 1, 2, 3. Ni kama ndoo zilizopangwa bombani: ya kwanza ikijaa, yanayofurika yanaingia ya pili. Mwenye karatasi 43 ana alama 4,300. Zile 99 za ziada huhamia kwa waliofuata katika karatasi zake.

Tangu 2003 kura hizi ni za wazi. Mjumbe wa chama humwonyesha wakala wa chama chake karatasi kabla ya kuitumbukiza. Akikataa, au akimwonyesha wakala wa chama kingine, kura yake inafutwa. Mabadiliko hayohayo yaliondoa sharti la kuwa mkazi wa jimbo, ambalo Singh alikuwa amelitimiza kwa nyumba ya kupanga mjini Guwahati.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomwondoa Assam. Uchaguzi wa 2016 ulikiachia chama chake, Congress, viti 26 tu kati ya 126. Muhula wake ulipoisha Juni 2019 hapakuwa na njia. Agosti akapita bila kupingwa katika jimbo la Rajasthan, ambako Congress ilikuwa madarakani.

Wakosoaji wa utaratibu huu wana hoja nzito, na tarehe 22 Julai 2008 inaionyesha vizuri kuliko maelezo yoyote. Siku hiyo Lok Sabha ilipigia kura hoja ya kuwa na imani na serikali aliyoileta Singh mwenyewe, kutokana na mgogoro wa mkataba wa nyuklia na Marekani. Serikali ilinusurika kwa kura 275 dhidi ya 256. Waziri huruhusiwa kuzungumza katika mabaraza yote mawili, lakini hupiga kura katika lake tu, hivyo waziri mkuu hakuwa na kura.