Je, wajua kwa nini mhusika mmoja wa hadithi za mashabiki mtandaoni huandikwa kwa majina hamsini na bado msomaji humpata?

Pale kwetu Mji wa Kale kuna mzee mmoja, kitambulisho chasema Mohamed, dukani wanamwita Meddy, msikitini ni Ustadh, dada zake mpaka leo ni Mude, na watoto wa uchochoroni hawajui hata moja katika hayo, wao wanamjua Babu Saa kwa sababu anatengeneza saa. Juzi jioni wakaja bodaboda wawili na mizigo, huyu anauliza Meddy, yule anauliza Babu Saa, wanapishana vichochoroni wote wamenuna, mpaka muuza kahawa pale barazani akawaambia nyinyi nyote mwamtafuta mtu mmoja, mlango ule wa kijani, pigeni hodi.

Kisa hiki ndicho kilichoniokoa siku mpwa wangu aliponibana na swali tuko ndani ya feri ya Likoni, simu mkononi kama kawaida yake, anasoma fanfiki. Kwa asojua, fanfiki ni hadithi ambazo mashabiki wanajiandikia wenyewe kwa kutumia wahusika wa kitabu au filamu au mchezo wanaoupenda, bila malipo, kisha wanapandisha mtandaoni wenzao wasome. Akaniambia, "Mjomba, hebu angalia. Huyu Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni, kila mtu anamwandika apendavyo, mmoja Sherlock, mmoja jina lote, mmoja amekosea spelingi kabisa. Sasa mbona nikibonyeza jina moja naletewa wote?"

Swali zuri wallahi, na jibu lake si kompyuta kama wengi wanavyodhani.

Ghala analosoma yeye linaitwa Archive of Our Own, wenyewe wanafupisha AO3. Liko chini ya shirika la Organization for Transformative Works lililoanzishwa 2007, ghala lenyewe likafunguliwa kwa watu 2009, halina matangazo, linaendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea, na sasa lina kazi zaidi ya milioni 10. Ukitaka kuweka hadithi yako unajaza fomu, kuna sehemu ya kusema hadithi inatoka kwenye ulimwengu gani, sehemu ya wahusika, sehemu ya mahusiano, halafu kuna sehemu ya mengineyo ambapo watu wanaandika chochote, mpaka "samahani niliandika hii saa tisa usiku". Na utamu wa fomu hii ni kwamba unaandika mwenyewe kwa herufi zako, inakupendekezea majina unapoanza kuandika lakini ukikataa pendekezo hakuna atakayekushika mkono.

Linganisha na FanFiction.Net, ambalo ni la zamani zaidi, lilianza 1998. Kule wahusika unawachagua kwenye orodha iliyotengenezwa tayari na mwisho wao ni wanne, basi. Kwa hivo kule hakuna fujo ya majina, lakini pia hakuna nafasi, yaani kama hadithi yako ina watu tisa itabidi watano uwameze. AO3 walikataa njia hio, wakasema mwandishi aandike atakavyo, na wewe fikiria mamilioni ya watu wakiambiwa waandike watakavyo yanatokea nini. Majina ya utani, makosa ya spelingi, jina la ukoo mbele, jina la ukoo nyuma, herufi za Kichina, herufi za Kirusi, na wengine wanatia na emoji.

Sasa hapa ndipo anapoingia muuza kahawa wetu. AO3 wana watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kuzichunga hizi tagi, yaani yale majina na maneno unayoyajaza kwenye fomu, mimi nawaita wachunga tagi, kila mmoja anachukua zizi lake, yaani ulimwengu wa hadithi anaoufahamu, halafu anapitia tagi mpya zilizoingia moja moja. Jina moja linateuliwa kuwa jina kuu, na hayo mengine yote yanafungwa kwake kama kamba za ngalawa kwenye nguzo moja. Ukibonyeza lolote kati yao unaangukia kwenye jina kuu, unaletewa hadithi zote. Lakini jambo nililolipenda mimi ni hili, wanachofunga ni uhusiano wa majina tu, maneno ya mwandishi hawayagusi. Ameandika kwa makosa, makosa yake yanabaki pale pale kwenye hadithi yake, hakuna anayekuja kumsahihisha kama mwalimu na kalamu nyekundu. Mashabiki wa Sherlock kwa mfano wana neno lao moja, Johnlock, wameunganisha majina ya Sherlock na rafiki yake John Watson, wakimaanisha hawa wawili ni wapenzi. Mwandishi akiandika Johnlock linabaki Johnlock machoni pa watu, ila kwa nyuma limefungwa kwenye jina refu, Sherlock Holmes, mkwaju, John Watson.

Mkwaju huu ni kile kijistari cha mshazari (/) tulichofunzwa darasani jamani, sio ule ukwaju wa kumwagia viazi karai. Kijistari hiki kina historia yake. Miaka ya 1970 mashabiki wa Star Trek, mchezo wa runinga wa safari za anga, kule Marekani walikuwa wanachapisha vijarida vyao na kutumiana kwa posta, na hadithi za wahusika wake wawili, Kirk na Spock, kama wapenzi wakaziwekea alama hio kati ya majina mawili ili msomaji ajue mapema anachonunua. Alama ikaganda mpaka leo, ukiona mkwaju ujue ni mapenzi, ukiona ile alama ya "na" iliyopinda kama pindo la kamba ujue ni urafiki au udugu. Na nani anatangulia? Mpwa wangu aliapa kwamba anayetangulia ndiye mwenye sauti ndani ya nyumba. Hapana, kwa majina kama hayo ni alfabeti ya jina la ukoo, Holmes yaja kabla ya Watson, yameisha.

Kuna mahali mchunga tagi anakwama lakini. Mtu akiandika "Loki" peke yake anamaanisha yupi? Yule wa ngano za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya, au yule wa filamu za Marvel mwenye kofia ya pembe? Kwa hivo jina kuu linapewa mkia unaosema ametoka wapi, sawa na sisi tunavyosema Ali wa Kuze na Ali wa Majengo, maanake ukienda Mombasa ukaita Ali tu watageuka nusu ya mji.

Haya, tumemaliza la majina. Lakini mpwa wangu hakuishia hapo, yuko chuo, akapata wazo kwamba kama tagi zimepangika hivi basi anaweza kuzihesabu ajue mhusika gani anaandikwa sana, akafungua jedwali lake kwenye laptopu akaanza. Na kuhesabu kwenyewe si kubaya, hata AO3 wenyewe mwaka 2021 walitoa faili kubwa la data ya kazi na tagi kwa ajili ya mashabiki wanaopenda takwimu. Shida ni kujua unahesabu nini.

Tukakaa barazani tukafungua hadithi moja tukaisoma yote. Kwenye tagi ameorodheshwa Bi Hudson, yule mama mwenye nyumba anayopanga Sherlock. Ndani ya hadithi Bi Hudson anapanda ngazi, anaweka sinia la chai, anasema maneno kama mawili hivi, anashuka, hatumwoni tena. Na kwenye jedwali la mpwa wangu mama huyu kapata alama moja, na Sherlock aliyebeba hadithi mabegani mwanzo mpaka mwisho naye kapata alama moja, ile ile. Tagi haina uzito, haisemi nani kasimama katikati na nani kapita na sinia.

Kwa nini basi mwandishi amtaje? Simama Buxton usikilize makanga, anaita "Mtwapa Mtwapa Mtwapa" mpaka sauti inakauka, ukiingia ndani unakuta nusu ya abiria wanashuka Bamburi. Makanga hakudanganya, gari linafika Mtwapa kweli, ila yeye haiti ili kukupa orodha ya waliokaa, anaita ili gari lijae. Tagi ni hivo hivo. Kuna watu wanampenda Bi Hudson tu, hadithi zake ni chache, wakiona jina lake wanaingia hata kama ni kwa chai moja. Na pia upande wa pili, mwandishi anaweza kuwa na mhusika muhimu akamficha makusudi, kwa sababu kumtaja ni kufichua siri ya mwisho wa hadithi, sasa huyo kwenye jedwali hayupo kabisa.

Halafu ghala lenyewe linawavuta watu. Pembeni ya orodha ya hadithi AO3 kuna kichujio kinachoonyesha wahusika 10 wanaoongoza kwenye orodha hio, wa 11 haonekani mpaka uandike jina lake mwenyewe. Basi walioko juu wanabonyezwa, wanaobonyezwa wanasomwa, wanaosomwa wanaandikwa tena, na wale wa chini wanabaki hukohuko. Ndo maana ukichora mchoro wa tagi zozote unapata mnara mrefu upande mmoja halafu mkia mrefu mrefu usiokwisha wa majina yaliyotumika mara moja mbili. Na kwenye huo mnara wanaume ndio wamejaa, ingawa waandishi wengi ni wanawake, na sababu moja inayotajwa sana ni kwamba filamu na vitabu vyenyewe viliwapa wanaume maneno mengi zaidi, shabiki anapika kwa unga aliopewa. Kuna na mhusika mmoja ambaye hakutoka kwenye filamu yoyote na bado ametagiwa hadithi tele, anaitwa Msomaji, yaani wewe, hadithi inakusimulia wewe ukinywa chai na huyo nyota wako. Mpwa wangu alipomkuta kwenye jedwali alidhani amekosea.

Kwa hivo ukilinganisha ghala hili na lile la wahusika wanne utapata majibu tofauti kabisa kuhusu mashabiki wale wale wa hadithi ile ile, kwa sababu kule Bi Hudson angekosa kiti. Hata ndani ya AO3 kwenyewe kabla na baada ya 2021 si sawa, mwaka huo ndo waliweka kikomo cha tagi 75 kwa kila kazi, baada ya hadithi moja kuwa na tagi zaidi ya 1,000, unasogeza skrini ya simu mpaka kidole kinauma hujaifikia hadithi ya chini yake. Mwenye kuhesabu asipojua hilo ataona wahusika wadogo wamepungua aseme watu wamewachoka.

Mpwa wangu jedwali ameliacha sasa, ameandika hadithi yake mwenyewe, Sherlock anateremka Mombasa kutafuta mkufu uliopotea siku ya harusi, na anayemtoa jasho ni bibi mmoja wa Kibokoni muuza mahamri anaitwa Bi Mwanaisha. Amemtia kwenye tagi. Ukimbonyeza inakuja hadithi moja, ya kwake, na jina kama hilo la mhusika wa kubuni haliwi jina kuu hivi hivi, mpaka waandishi wengine nao waanze kumtumia. Tangu wiki jana anamfuata binamu yake nyuma nyuma, nyumbani mpaka stejini, ampe Bi Mwanaisha japo ukurasa mmoja.