Uncle Tupelo: kantri ya vijana wa panki

Wengi wetu ukitaja kantri mawazo yanaenda moja kwa moja kwa Jim Reeves, Jumapili, redio iko chini chini, mzee katulia sebuleni hataki kelele. Leo nataka niwaeleze kantri nyingine, ile wanaiita kantri mbadala, na naanza na bendi moja tu, Uncle Tupelo, kwa sababu mimi kazi yangu ni kurekodi na sijaona bendi iliyonifunza mambo ya ukimya na makelele kama hawa jamaa.

Walianza 1987 Belleville, Illinois, mji wa viwanda na machimbo ya zamani ya makaa ya mawe, ukivuka mto Mississippi uko St. Louis. Jay Farrar gita, Jeff Tweedy besi, Mike Heidorn drams, wa kuimba ni hao wawili wa kwanza. Walikuwa vijana wa panki kabisa, ile roki ya haraka ya makelele na hasira, ila nyimbo za zamani zilikuwepo nyumbani, mamake Farrar ndo alimfundisha gita. Albamu yao ya kwanza, No Depression ya 1990, jina limetoka kwenye wimbo wa Carter Family, kundi la kantri la zamani, wa 1936, enzi za ule mdororo mkubwa wa uchumi, na wao wameuimba tena humo humo.

Sasa hebu tafuta wimbo unaitwa Whiskey Bottle, vaa hedifoni. Ubeti unaanza kwa gita kavu na lile gita la stili, linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, linalolia kwa mbali, Farrar anaimba kwa sauti nzito kama mtu ametoka shifti ya usiku, halafu ikifika kiitikio magita ya umeme yanaingia kwa pamoja, hayapandi taratibu, ni kama mlango umepigwa teke! Kisha yanakatika, unarudishwa kwenye ule upweke. Hapo ndo siri ilipo jamani, hawajachanganya kantri na panki kama uji, wameziweka jirani ndani ya wimbo mmoja ili uone kumbe mwenye huzuni na mwenye hasira ni mtu yule yule. Na ukichukua wimbo wa hivi ukaubana na kompresa, kile kifaa cha studio cha kusawazisha sauti ndogo na kubwa, mpaka sauti zote zilingane, umeuua, naona vijana wengi studio wanafanya hivyo na inaniuma kweli.

Albamu ninayoipenda kuliko zote ni ya 1992. Fikiria muda wenyewe, bendi ya roki ya Nirvana ndo wamelipuka, kila mtu anataka magita ya kelele, na hawa kelele wanaziweza vizuri tu, wao wakaenda Athens, Georgia, kwa Peter Buck, mpiga gita wa bendi ya R.E.M., wakazima amplifaya wakarekodi siku tano. Jina la albamu ni tarehe zenyewe, March 16–20, 1992, basi. Kuna banjo, kuna mandolini, kuna nyimbo za wachimba makaa na za kanisani. Sikiliza Moonshiner, gita linadonolewa kwa vidole waya mmoja mmoja, na anayeimba kama mzee aliyemaliza maisha yake yote kwenye pombe ni Farrar, kijana wa miaka 25. Pale nafasi kati ya noti ni kubwa mpaka unaogopa kupumua.

Anodyne ya 1993 waliirekodi Austin, Texas, wote wanapiga kwa pamoja mle studio, hakuna kuongezea kitu baadaye, na unasikia kabisa watu wanasikilizana, yaani huwezi kudhani Farrar na Tweedy walikuwa wameshafika mwisho. Mwaka uliofuata Farrar akaondoka akaanzisha bendi ya Son Volt, Tweedy na wenzake waliobaki wakawa bendi ya Wilco. Shoo ya mwisho ilikuwa 1 Mei 1994, ukumbi wa Mississippi Nights, St. Louis, na Heidorn, ambaye alishaacha bendi tangu kabla ya albamu ile ya siku tano kutoka, akarudi mwishoni mwa shoo akakaa tena kwenye drams.