Miche sita ya bangi na mipaka ya serikali ya Marekani

Nafundisha sheria ya katiba, na swali ninaloulizwa sana kuhusu Marekani ni hili: bangi inauzwaje dukani kwa leseni ya jimbo la Colorado ilhali Bunge la shirikisho liliipiga marufuku 1970? Wengi hudhani Colorado imeibwaga Washington, yaani serikali ya shirikisho. Haijaibwaga.

Katiba yao haikulipa Bunge hilo mamlaka juu ya kila jambo. Iliyataja moja moja katika Ibara ya 1, na Marekebisho ya Kumi ya 1791 yakasisitiza kuwa yaliyobaki ni ya majimbo au ya wananchi. Lakini miongoni mwa yaliyotajwa kuna kusimamia biashara baina ya majimbo, na mlango huo umepitisha mengi. Roscoe Filburn, mkulima wa Ohio, alipangiwa na serikali ya shirikisho ekari 11.1 za ngano, akalima 23. Alidai ya ziada ni ya matumizi ya shambani kwake. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ikamjibu: wakulima wengi wakifanya hivyo, soko la taifa zima litayumba. Faini ya dola 117.11 ikabaki palepale.

Miaka 60 baadaye ikawa zamu ya Diane Monson wa California, aliyepanda miche sita ya bangi ajitibu, kama sheria ya jimbo ilivyomruhusu. Maafisa wa kaunti walifika wakaona hana kosa. Wale wa shirikisho hawakukubali. Wakavutana kwa saa tatu, kisha miche yote ikang'olewa. Mwaka 2005 Mahakama ikasema, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba Bunge lina mamlaka ya kupiga marufuku hata bangi ya nyumbani kama hiyo.

Basi Colorado inasimama wapi? Kwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Mwaka 1993 Bunge liliwaagiza wakuu wa polisi wa maeneo wachunguze wanunuzi wa bastola. Jay Printz, sherifu wa kaunti ya Ravalli, Montana, akagoma, akashtaki, na 1997 akashinda, 5 kwa 4. Washington inaweza kukutungia sheria wewe na kukutumia maafisa wake yenyewe. Haiwezi kumgeuza sherifu wa Montana karani wake. Na kwa kuwa polisi wengi wa Marekani ni wa majimbo, kaunti na miji, marufuku ya shirikisho hukosa mikono.

Binafsi naona huu ndio mpaka wenye meno, ingawa Washington huuzunguka kwa masharti ya fedha inazoyapa majimbo. Mwaka 1987 Mahakama iliridhia jimbo likatwe 5% ya fedha za barabara likiwauzia pombe walio chini ya miaka 21. Mwaka 2012 ikakataa majimbo yatishiwe kunyang'anywa fedha zote za Medicaid, mpango wa matibabu kwa wenye kipato kidogo, iliyobeba zaidi ya 10% ya bajeti zao. Katikati hapo ni ukungu mtupu.

Kwa ndugu mlioko huko bila uraia: leseni ya jimbo haiwakingi. Idara ya uhamiaji ni ya shirikisho, ina maafisa wake, na mwongozo wake wa 2019 ulisema kazi katika biashara ya bangi inaweza kukwamisha ombi la uraia, hata pale jimbo linapoiruhusu.