Trela Hukatwa kwa Masikio

Usiku. Mama anafungua mlango, anachungulia nje, haoni mtu, anafunga. Ni shoti, yaani kipande kimoja cha picha, ya sekunde nne. Kazi yangu ni kukata trela, zile video fupi za kutangaza filamu, na shoti kama hii naweza kuiuza kwa watazamaji wa aina tatu. Nikiilaza juu ya udi na fidla za taarabu asilia, mama anamngoja mpenzi aliyeahidi kurudi. Nikiondoa muziki wote, nikabakiza saa ya ukutani na mvumo mzito unaopanda taratibu, nje kuna muuaji. Nikimwaga singeli yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na kuifupisha shoti hadi nusu sekunde, mama kasikia umbea na mtaa mzima hautalala. Picha ni ileile. Kilichobadilika ni nani ninayemwita ukumbini.

Wengi wanadhani trela ni kuchagua matukio makali ya filamu na kuyaunganisha. Mimi swali langu la kwanza kwa mwenye filamu ni: unataka nani aje? Akinijibu "kila mtu", tunakaa, tunaongea, mpaka huyo kila mtu apate umri, mtaa anaokaa na siku anayopumzika. Baada ya hapo natafuta sauti. Picha zinafuata baadaye kabisa. Huwa nazima kioo na kusikiliza trela yote kama redio, na kama masikio yangu hayajajua hii ni filamu ya nani, hata nikitia picha nzuri kiasi gani kazi haijakamilika.

Vijana wanaojifunza kwangu huwa nawaanzishia trela ya Alien, filamu ya mwaka 1979. Miaka miwili nyuma, studio ileile ya 20th Century Fox ilikuwa imetoa Star Wars, filamu ya anga za mbali ambayo wazazi waliwapeleka watoto wao. Sasa ilikuwa na filamu nyingine ya anga, ila humo watu wanauawa mmoja mmoja. Ilibidi mzazi aambiwe amwache mtoto nyumbani, na mpenda vitisho aambiwe siku yake imefika. Trela ile ilifanya hivyo bila mazungumzo. Herufi za jina la filamu zinajijenga polepole, kipande kwa kipande. Linaonekana yai. Linapasuka, mwanga unatoka. Halafu kinaanza king'ora kinacholia kama mtu anayepiga mayowe, watu wanakimbia kwenye korido, shoti zinafupika, king'ora hakinyamazi. Mwisho yanakuja maandishi: angani hakuna atakayesikia mayowe yako. Hujaambiwa kisa, wala humjui hata mhusika mmoja kwa jina, lakini mwili umeshaelewa. Na yai lile halifanani na mayai yaliyomo kwenye filamu. Lilitengenezwa kwa ajili ya kuitangaza tu. Hilo silioni kuwa udanganyifu, kwa sababu hofu iliyoahidiwa ndiyo hofu iliyotolewa.

Mwaka 2010 trela ya The Social Network ilikuwa na tatizo la aina nyingine. Filamu inahusu kuanzishwa kwa Facebook: vijana wanaoandika programu na mawakili wanaobishana mezani. Nani atanunua tiketi? Mkataji akaanza na kurasa za Facebook zenyewe, picha za watu wa kawaida, na juu yake akaweka kwaya ya wasichana kutoka Ubelgiji ikiimba polepole wimbo wa zamani wa roki unaohusu mtu anayejiona hafai. Waigizaji wanachelewa kuonekana. Kufikia hapo kila mwenye akaunti ameshajiona, na filamu ya kompyuta imegeuka filamu ya upweke. Tangu siku hizo trela nyingi zimechukua nyimbo maarufu na kuziimba upya kwa huzuni, mara nyingi bila sababu.

Mwaka huohuo filamu ya Inception ikaleta ule mlio mzito wa tarumbeta unaotikisa viti. Ukumbini ni mlio mtamu sana. Ukaigwa dunia nzima, na bado unaigwa kwetu, na hapa ndipo ninapogombana na wakataji wenzangu. Watazamaji wetu wengi wanaiona trela kwenye simu ya bei nafuu. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha, na sauti nzito inahitaji kusukuma hewa nyingi, kwa hiyo ule mngurumo hautoki kabisa. Mkataji amekaa studio na spika kubwa, anasisimka, kumbe mtu kwenye daladala anasikia kimya na kuona picha inatetemeka bila sababu. Dawa yake ni kuupandia mngurumo sauti ya juu yenye mpigo uleule: kofi la tari, mlango wa bati unaobamizwa, kuni inayovunjika. Tena sikio lina tabia ya ajabu. Likisikia zile sauti za juu zinazoandamana na besi, lenyewe hujazia besi ambayo spika haikuitoa. Kila trela yangu naisikiliza kwenye simu kabla ya kumpa mwenyewe.

Simu imebadilisha na mengine. Mtu anayebana bando anaangalia picha hafifu, na shoti za gizani zinakuwa tope, basi nazing'arisha kupita ninavyopenda. Mitandaoni video nyingi huanza bila sauti mpaka mtu aiguse, hivyo sekunde za mwanzo lazima ziwe na uso unaoeleweka na maneno yanayosomeka. Tangazo la YouTube linaweza kurukwa baada ya sekunde 5, na ndiyo maana trela nyingi za kigeni siku hizi zinatanguliwa na kionjo cha trela yenyewe. Rangi na herufi nazo zinaita watu wake: herufi nene nyekundu kwa wapenda ngumi, herufi nyembamba nyeupe zilizoachana kwa wanaofuatilia matamasha ya filamu. Kwenye vichekesho angalizo langu ni moja: usiikate shoti ya yule anayesikiliza utani. Kicheko kinatoka kwenye uso wake.

Kitu ambacho ningependa kirudi ni sauti ya msimulizi. Marekani ilikuwa na Don LaFontaine, aliyesimulia trela zaidi ya 5,000 kabla ya kufariki mwaka 2008, na baada yake maandishi yakachukua nafasi. Sisi hatukuwa na sababu ya kufuata. Watazamaji wetu wamelelewa na msimulizi anayewatafsiria filamu za kigeni: Lufufu kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam, DJ Afro kule Kenya, ma-VJ wa Kampala. Msimulizi mzuri anakuita kwa lugha ya mtaani kwako, na ukimsikia unajua umekaribishwa.

Aliwahi kuja kwangu mwongozaji mwenye filamu ya ndugu watatu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao. Trela yake ya kwanza ilikatwa kwingine, ikakusanya matukio yote mawili ya kupigana makofi na mbio moja iliyomo, juu yake ngoma za vita. Vijana walikuja kuona ngumi, wakatoka katikati wakilalamika. Nilimuuliza nani hasa alilia alipoisoma hadithi hiyo. Akasema shangazi zake.

Tukaanza upya. Hakuna muziki kwa sekunde 40 za kwanza. Unasikia sufuria zinaoshwa nyuma ya turubai la msiba, wanawake wanaongea chini chini, maji yanamwagwa. Kisha kaka mkubwa anauliza, "Hati ya nyumba iko wapi?" Sufuria zinanyamaza. Shoti inayofuata ni mkono wa shangazi umeganda na kikombe, nikauacha sekunde sita, muda mrefu mno kwa trela. Tuliipeleka kwenye makundi ya WhatsApp ya vikoba. Onyesho la Jumapili jioni walikuja kikundi kwa kikundi, na lilipoulizwa lile swali la hati, ukumbi ulijibu kwa sauti kabla mwigizaji hajafungua mdomo.