Mvua haiondoi vumbi la nyuklia, hulishusha

Wiki hii nimetumiwa tena ile ramani ya bomu la nyuklia inayozunguka WhatsApp: nukta katikati, miduara mitatu, na maelezo kwamba aliye nje ya miduara amepona. Chini yake mtu kaandika kwamba mvua ikinyesha, sumu yote inaoshwa. Kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa hapa Kisumu, na imani hizi mbili zinanikera kwa sababu zinaweza kuua.

Hakuna mduara. Bomu likilipuka karibu na ardhi hunyanyua udongo, na wingu lake hupanda likipita matabaka ya hewa ambayo kila moja lina upepo wake. Chembe nzito hushuka ndani ya saa chache. Nyepesi husafiri siku kadhaa. Zilizofika stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua, hukaa miezi, hata miaka. Upepo unaokupiga usoni haukuambii zinakokwenda. Tarehe 1 Machi 1954, Castle Bravo, jaribio la bomu la nyuklia la Marekani kule Bikini, Visiwa vya Marshall, lilitoa megatoni 15 (nguvu ya tani milioni 15 za baruti ya TNT), zaidi ya mara mbili ya zilizotarajiwa, na pepo za juu zikapeleka majivu mashariki hadi kisiwa cha Rongelap. Yalianguka kama unga mweupe, watoto wakayachezea.

Sasa mvua. Inaosha hewa, ndiyo, lakini kilichooshwa kinatua ardhini. Aprili 1953 wingu la jaribio la Nevada lilivuka Marekani, likakutana na mvua ya radi eneo la Troy, New York, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka lilipolipuka. Wanafunzi wa chuo cha Rensselaer waligundua vipimo vyao vya Geiger, vifaa vya kupimia mnururisho, vinahesabu kupita kawaida.

Hapa kwetu upepo wa ziwa hukutana na pepo za mashariki, mawingu yakafura upande wa Nandi na Kericho. Jioni Ahero inalowa, Kisumu mjini pakavu. Vitabu hulipitia jambo hili harakaharaka: njia ya wingu la vumbi tunaweza kuikadiria vizuri kiasi, ila mvua ya radi itanyesha kata gani, hapo hata mtabiri mzoefu anakisia.

Na kata ndiyo muhimu. Iodini-131, iodini yenye mnururisho iliyomo kwenye vumbi hilo, hupungua nusu kila siku 8. Ikinyesha malishoni leo, ng'ombe ataila kesho, na kupitia maziwa itafika kwenye tezi ya shingo ya mtoto ikiwa bado kali.