Kusaini kupokea mzigo si kukubali ubovu wake

Imani ya siku nyingi ni kwamba ukishatia saini kwenye karatasi ya dereva, bidhaa ni yako pamoja na kasoro zake. Sivyo. Saini ile inaonyesha kwamba katoni zimefika, basi. Kuikubali bidhaa kisheria ni hatua nyingine, na sheria nyingi za mauzo humpa mnunuzi kwanza nafasi ya kuikagua. Mkataba wa Vienna wa 1980, unaohusu mauzo ya kibiashara baina ya nchi, unataka ukaguzi ufanyike mapema iwezekanavyo, kisha muuzaji ajulishwe ndani ya muda unaofaa. Kikomo cha kumjulisha ni miaka 2 tangu kukabidhiwa bidhaa.

Kinachowaponza wengi ni ukimya. Na ujumbe wa "friji ni mbovu" hausaidii sana. Andika: "Friji haigandishi, kompresa inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache tangu siku ya kwanza." Ambatisha picha na namba ya risiti, useme unataka itengenezwe, ibadilishwe au urudishiwe pesa. Halafu acha kuitumia, maana anayeendelea kuitumia wiki kadhaa huonekana ameridhika. Fundi wako naye asiifungue kwanza, la sivyo mtabishana nani kaiharibu.

Karatasi ikisema "imepokewa katika hali nzuri", andika kando "haijakaguliwa" kabla ya kusaini, upige picha. Usipoandika, haki haijafutika, ila kuthibitisha kutakuwa kugumu zaidi.